Kumtafuta Baba katika Karatasi za Keya

Fomu ilikuwa na nyota nyekundu kando ya kila nafasi ambayo ilikuwa ni lazima kuijaza. Jina la ukoo. Jina la kwanza. Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya jeshi, ikiwa inajulikana. Nilikuwa sebuleni, usiku, watu wote wameshalala, nikaandika jina la baba kwenye nafasi ya jina la kwanza bila taabu. Kisha nikakwama, kwa sababu jina la ukoo baba hakuwa nalo. Alikuwa na jina lake na jina la baba yake, katikati yao "bin", na hayo yalimtosha kutoka Tunduru hadi Burma, katika Vita vya Pili vya Dunia, na kurudi.

Tarehe ya kuzaliwa ilinikwamisha zaidi. Fomu haikukubali mwaka peke yake, ilitaka na siku na mwezi. Bibi alikuwa akisimulia kwamba alimbeba baba mgongoni walipokuwa wakiyakimbia majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yakielekea mto Ruvuma. Tunajua kwamba kamanda wao, Lettow-Vorbeck, aliuvuka mto huo akaingia upande wa Wareno mwishoni mwa Novemba 1917. Kwa hiyo baba alikuwa amezaliwa, na alikuwa bado ni mtoto wa mgongoni. Hiyo ndiyo tarehe yake ya kuzaliwa, na hakuna fomu yenye nafasi ya kuiandika. Nikaandika tarehe 1 Januari 1917, kama ofisi nyingi za kwetu zilivyowafanyia wazee, nikabonyeza kitufe cha kutuma.

Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, kwa adabu, katika mistari michache. Ofisi ile ya ng'ambo, ambayo hapa sina haja ya kuitaja, ilisema kwamba haihifadhi majalada ya askari wa kawaida wa vikosi vya Kiafrika vya makoloni. Maofisa, ndiyo. Askari, hapana.

Nilidhani nitaisahau barua hiyo. Wiki zikapita na bado ilikuwa ikinijia kichwani, hasa asubuhi nikiwa barabarani, na sikulijua jambo lililoniuma hasa: kwamba hawana jalada la baba, au kwamba niliwahi kuamini kuwa lipo.

Tulichoachiwa

Wasomaji wengi wa rika langu wana mzee wa Keya katika ukoo wao, kwa hiyo sitaeleza kwa kirefu Keya ilikuwa nini: King's African Rifles, kwa kifupi KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Mimi ni mtoto wa mwisho wa mke mdogo, na baba alifariki nikiwa sekondari, katika umri ambao kijana ana maswali mengi kuhusu kila kitu isipokuwa wazazi wake. Vitani alikotoka alikuwa hapazungumzii. Akibanwa sana, kwa mfano kwenye harusi, wakati wazee wenzake wameanza kutambiana, alikuwa akisema, "Tulikwenda, tukarudi," kisha anaulizia chakula.

Alituachia nishani moja, picha moja na jina la kaka yangu mkubwa. Alituachia pia mazoea fulani ambayo sisi watoto tuliyaona kuwa ni ukali wa mzee tu, nami sikuyahesabu kuwa kumbukumbu hadi juzi juzi.

Nilianza na nishani, kwa kuwa ndiyo iliyofanana zaidi na ushahidi. Ni nyota ya shaba yenye pembe sita, katikati ina herufi za mfalme na kuzunguka herufi hizo limeandikwa jina la Burma. Niliigeuza nikaimulika kwa tochi ya simu nikitafuta jina au namba. Nyuma ni tupu. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba nishani za Vita vya Pili ambazo Uingereza iliwapa watu wa majeshi yake zilitolewa bila kuchongwa jina la mwenyewe, tofauti na zile za Vita vya Kwanza, ambazo zina jina na namba ya aliyepewa. Nyota ya baba inathibitisha kwamba kuna mtu alishiriki katika mapigano ya Burma kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945. Haisemi ni nani.

Nilimweleza kaka hayo kwa simu. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo unasema ile nyota si ya baba?"

Nikamwambia ni ya baba, ila haijisemei.

"Mimi inanisemea," akanijibu.

Kifaru begani

Picha ndiyo iliyofungua mlango wa kwanza. Wanaume watatu wamesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi, wamevaa kofia za pama zilizokunjwa ukingo upande mmoja, na baba yuko kushoto, mwembamba kuliko nilivyowahi kumwona, mikono nyuma. Kwa miaka yote tuliamini kwamba ilipigwa Dar es Salaam. Mtoto wa dada yangu aliipiga kwa simu yake, akaikuza, akaniletea bega la mtu wa katikati: kibandiko cha kitambaa, na ndani yake kichwa cha kifaru.

Kifaru kilikuwa nembo ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo iliundwa mwaka 1943, ikapelekwa Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka leo, ikafanya mazoezi huko kwa takriban mwaka mmoja, kisha ikaingia Burma katikati ya mwaka 1944. Minazi ya pazia ikaanza kunieleza kitu kingine kabisa.

Nilifurahi mno, na furaha hiyo haikudumu. Divisheni ni watu maelfu kwa maelfu. Ilikuwa na brigedi tatu za askari wa miguu, ya 21, ya 25 na ya 26, kila moja ikiwa na batalioni tatu. Na nje ya hizo kulikuwa na wapiga mizinga, mafundi wa barabara na madaraja, madereva, watu wa simu na watu wa hospitali. Kati ya batalioni hizo tisa, mbili zilikuwa za Tanganyika: KAR ya 26, iliyokuwa katika Brigedi ya 25, na KAR ya 36, iliyokuwa katika Brigedi ya 26. Baba ni mtu wa Tunduru, na Tunduru iko Tanganyika. Nikaziandika namba hizo mbili juu ya ukurasa wa daftari nikaona sasa kazi imebaki ndogo.

Nikaenda Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa, kuomba majalada ya utawala ya Jimbo la Kusini ya miaka ya vita. Wanaokwenda pale wanaijua ile hali: unaagiza jalada kwa namba, unasubiri, linaletwa limefungwa kamba, unalifungua huku ukishikilia pumzi, na ndani unakuta barua za Bwana Shauri kuhusu mihogo. Nilitafuta askari nikakuta fedha. Nani atalipa posho ya familia ya aliyeondoka. Fedha zilizotumwa na askari zipitie kwa nani. Mke yupi ndiye mwenye haki ya kuzipokea, wa kwanza au wa pili, na jumbe amethibitisha au hajathibitisha.

Mwanzoni kurasa hizo zilinichosha. Nikaendelea kuzisoma kwa sababu hapakuwa na nyingine, na taratibu nikaanza kuona utaratibu wa mambo ulivyokuwa. Katika karatasi za serikali ile, askari Mwafrika alikuwa akionekana pale alipoigharimu serikali: alipoajiriwa, alipotuma fedha nyumbani zikachelewa, alipoumia akadai fidia, alipokufa akaacha mshahara usiolipwa. Tanganyika ilitoa watu zaidi ya 80,000 katika vita ile, na Afrika Mashariki yote kwa jumla zaidi ya 300,000. Aliyerudi mzima, akalipwa chake, akapanda lori kurudi kwao na asigombane na mtu, huyo ndiye aliyeacha karatasi chache kuliko wote.

Baba alirudi mzima, na kwa kugombana hakuwa mtu wa kugombana.

Majina ya waliokufa

Kaka yangu alizaliwa mwaka uliofuata baba aliporudi, na hakupewa jina la babu kama ilivyotarajiwa. Alipewa jina la mtu ambaye hakuna aliyemfahamu kijijini. Bibi aliwahi kulalamika kuhusu jambo hilo mpaka uzee wake. Baba alisema tu kwamba ni jina la mwenzake "aliyebaki kule", na kwa kuwa alilitaja pamoja na jina la baba wa huyo mwenzake, sisi sote tulikua tukiyajua majina hayo mawili kama vile ni ya mjomba.

Nilipokuwa nikisoma habari za mishahara ya marehemu ndipo wazo lilipokuja. Baba hana jalada kwa sababu aliishi. Mwenzake alikufa.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa kwenye mtandao, na mtu yeyote anaweza kuipekua bure. Kila jina lina namba ya jeshi, kikosi, tarehe ya kufa na mahali lilipoandikwa. Wachache wana na jina la baba, hata kijiji na wilaya. Wasio na kaburi linalojulikana waliokufa Burma wameandikwa kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon, ambako nguzo za mawe zimebeba majina karibu 27,000, na kati yao wamo watu wa Keya. Hapo kwa mara ya kwanza niliona kwamba mlango uliofungwa kwa walio hai umeachwa wazi kwa wafu, na kwamba kupitia kwao mtu anaweza kujua walio hai walikuwa wamesimama wapi.

Kupekua si kazi nyepesi. Makarani waliandika walivyosikia. Hamisi anaweza kuwa Hamis, Khamis, Amisi au Hamisi mwenye herufi mbili za s, na jina la baba likageuzwa kuwa la ukoo au likaachwa kabisa. Kuna tarehe moja iliyokuwa ikijirudia mpaka nikaichukia: 12 Februari 1944. Siku hiyo nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli Khedive Ismail karibu na visiwa vya Maldivi, ikiwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo, na watu karibu 1,300 wakafa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Majina yao yako Nairobi. Niliyapita harakaharaka, nikitafuta mtu wangu mmoja, nikaona haya kidogo kwa haraka hiyo.

Nilipowaondoa waliokufa Habeshi, Madagaska na baharini, na wale ambao vikosi vyao havikuwa chini ya kifaru, walibaki wawili wenye jina la kaka yangu. Mmoja alikuwa wa KAR ya 36, ya Tanganyika. Nilitarajia hivyo.

Mwingine alikuwa wa KAR ya 22, ya Nyasaland, Malawi ya leo.

Ng'ambo ya Ruvuma

Kama ningekuwa nimempata yule wa kwanza peke yake, makala hii ingeishia hapo, na pengine nisingeiandika. Lakini yule wa pili alinikumbusha jambo.

Baba alipokuwa akipima mahindi kwa debe alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, na hakuhesabu kwa Kiswahili. Modzi, wiri, tatu, nayi, sanu. Sisi watoto wa mke mdogo, ambao mama yetu ni Mngoni wa Songea, tuliamini kwamba hicho ni Kiyao. Nilimpigia simu shangazi, ambaye sasa ni mtu mzima sana na masikio yake hayana subira, nikamwimbia hesabu ile. Akacheka. Akaniambia kwamba Myao akifika nne husema mcheche, hasemi nayi. "Hicho ni Kinyanja, mwanangu. Kaka yangu alikwenda nacho wapi na kurudi nacho wapi, mimi sikumwuliza."

Batalioni za Nyasaland zilikuwa zikitumia Kinyanja, na Wayao walijaa ndani yake tangu mwanzo wa Keya. Na Wayao hawakupangwa upande mmoja wa mpaka: wako Tunduru na Masasi, wako Mangochi upande wa Malawi, wako Msumbiji kusini ya Ruvuma. Kijana wa Tunduru aliyekuwa na mjomba upande wa ziwa hakuhitaji kuvuka nchi kichwani mwake ili aende Zomba, Nyasaland, kujiandikisha. Alikuwa akienda kwa ndugu zake. Mimi ndiye niliyefungua ramani yenye mistari nikamtafuta ndani ya mstari mmoja.

Hata hivyo nilijizuia. Vijana wa kusini walikwenda migodini wakarudi na Kinyanja bila kushika bunduki. Halafu kuna jambo ambalo lilinifanya nilifunge daftari kwa siku kadhaa: KAR ya 22 ya Nyasaland na KAR ya 36 ya Tanganyika zilikuwa katika brigedi moja, ile ya 26. Mtu wa 36 angeweza kujifunza kuhesabu kutoka kwa jirani yake wa 22. Mtu wa 22 angeweza kufiwa na rafiki wa 36. Ushahidi wote niliokuwa nao ungeweza kusimama upande wowote bila kutikisika.

Nilimpelekea kaka habari hizo nikijua hazitampendeza. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huivaa ile nyota.

"Mdogo wangu," akasema, "unataka kuniambia baba alikuwa askari wa Malawi?"

"Hapana, kaka. Nasema huenda aliandikishwa Zomba. Malawi haikuwapo, na Tanzania haikuwapo."

"Na mimi nina jina la nani sasa?"

"La rafiki yake. Hilo halijabadilika."

Akasema tutazungumza nikienda nyumbani. Kwa kaka hiyo ina maana kwamba amekasirika lakini anataka kusikia zaidi.

Mikono ya shati

Mpwa wangu mmoja, binti wa dada, anasoma London. Nilimwomba aende Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, ambako kuna shajara za vita za batalioni, zilizokuwa zikiandikwa siku kwa siku na kupelekwa juu kila mwezi. Za Burma ziko katika fungu linaloitwa WO 172. Kupiga picha hakutozwi fedha pale, ilimradi uwe na kitambulisho cha msomaji. (Tangu mwaka 2022 wanahamishiwa pia majalada ya utumishi ya wanajeshi wa Uingereza yenyewe, takriban milioni 9.7. Nililisoma tangazo hilo kwa shauku kabla sijaelewa kwamba watu wetu si sehemu yake.) Nilimwambia anipigie picha za batalioni zote mbili, Agosti hadi Desemba 1944.

Akanitumia kurasa nyingi kuliko simu yangu ilivyoweza kubeba. Zimepigwa taipu kwenye karatasi nyembamba, nyingine zimeandikwa kwa penseli, kila mstari una saa, namba za ramani na tukio. Ofisa akiugua anatajwa kwa jina lake. Askari wanahesabiwa. Kwa kujua hilo nilikuwa nimejitayarisha nisimtafute baba humo, na kwa kweli hayumo.

Lakini njia imo. Brigedi ya 26 iliteremka kutoka mji wa Tamu kuelekea kusini kupitia bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, katika bonde ambalo lilikuwa limezoeleka kuitwa Bonde la Mauti kwa sababu ya malaria na homa inayoenezwa na utitiri. Barabara iligeuka tope, magari yakazama, chakula kikawa kinadondoshwa kwa ndege kila mawingu yaliporuhusu. Tamu kwenyewe, jeshi la Japani lilikuwa limeondoka likiacha mamia ya maiti bila kuzikwa na wagonjwa wasioweza kutembea. Katikati ya Novemba walifika Kalemyo wakakutana na Wahindi wa Divisheni ya 5, na mwanzoni mwa Desemba divisheni ikaishika Kalewa, kwenye mto Chindwin, ambako baadaye daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100 lilifungwa juu ya maji. Nilizisoma shajara mbili sambamba, ukurasa kwa ukurasa. Zinatofautiana kwa saa na kwa vilima. Mvua ni ile ile.

Ndipo nikafika kwenye suala la ugonjwa. Mwaka 1943, katika jeshi hilo la Burma, kwa kila mtu mmoja aliyehamishwa kwa jeraha, 120 walihamishwa kwa maradhi. Jenerali Slim, aliyeliongoza Jeshi la 14, alilichukulia jambo hilo kuwa ni la nidhamu: vidonge vya mepakrini, vile vilivyogeuza ngozi kuwa ya manjano, kila siku bila kukosa, na jua likizama, mikono ya shati iteremshwe na kufungwa, miguu ifunikwe. Vikosi vilikaguliwa kwa kushtukizwa, na makamanda watatu wakaondolewa madarakani kwa sababu watu wao hawakuwa wakimeza vidonge.

Niliirudia aya ile. Kisha nikaondoka mezani.

Kila jioni, maisha yake yote niliyoyajua, baba alikuwa akishasali magharibi anaiteremsha mikono ya shati lake hadi kwenye kiganja, anafunga vifungo, kisha anainama na kuzichomeka ncha za suruali ndani ya soksi. Alifanya hivyo Tunduru, mwezi wa Novemba, kwenye joto la kumfanya mbuzi atafute kivuli. Nasi alitulazimisha. Kaka alikuwa akichapwa kwa kukaa uani na mikono wazi baada ya jua kuzama. Tuliona ni heshima, au ni kujikweza kwa mtu aliyewahi kuvaa sare, na dada zangu walikuwa wakimwigiza akiwa hayupo.

Hakuna karani aliyeandika jambo hilo. Kwangu lina uzito kuliko nyota, kwa sababu nyota angeweza kupewa mtu yeyote na lile halifundishiki kwa siku moja.

Kuhusu fedha

Kaka aliposikia habari za makaratasi ya malipo akauliza swali ambalo nadhani wasomaji pia watauliza: je, kuna tunachodai? Nilimweleza yale yaliyojulikana hadharani mwaka 2019, kwamba nyaraka za Uingereza zinaonyesha kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilipangwa kwa rangi, mzungu akipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Serikali ya Uingereza haikuwahi kufungua dirisha la kuwalipa watoto wa askari hao.

"Basi angalau wangetupa jalada," akasema.

Sina la kuongeza juu ya hapo.

Je, alitaka nijue?

Swali hili limenisumbua kuliko lile la batalioni. Baba aliishi miaka karibu arobaini baada ya vita. Alikuwa na jioni nyingi za kutuambia, akachagua kutotuambia, na sasa mimi, niliyekuwa nimeshika kitabu cha jiografia alipokuwa akifa, ninachungulia kurasa za maofisa wake kutafuta yale aliyoyafunga. Kuna usiku niliona ni utovu wa adabu.

Shangazi, nilipomweleza, hakulichukulia hivyo. Alisema baba hakuficha. Hakuulizwa na watu waliokuwa tayari kukaa. Wazee wenzake waliulizana kwa kutambiana, wanawake waliambiwa hayo si yao, na watoto tuliogopa fimbo. Sijui kama nakubaliana naye moja kwa moja, kwa kuwa "Tulikwenda, tukarudi" halikuwa jibu la mtu anayengoja swali zuri zaidi. Ninachoweza kukubali ni kwamba jina alilompa kaka alilitamka wazi, mbele ya ukoo mzima, pamoja na jina la baba wa marehemu, na akahakikisha tumelishika. Mtu anayetaka jambo lifutike hafanyi hivyo. Huyo mwenzake ndiye ambaye baba alitaka tumjue.

Kwa hiyo nimebadili ninachotafuta. Yule wa KAR ya 22 ameandikwa pamoja na kijiji na wilaya. Jina lenyewe silitaji hapa kwa kuwa huenda ndugu zake wapo na hawajaniruhusu. Nimeandika barua mbili. Moja imekwenda Zomba, kwenye Nyaraka za Taifa za Malawi, kuuliza ni orodha gani za uandikishaji zilizosalia, na kama watu wa Tunduru walikuwa wakiandikwa kwa wilaya yao au kwa wilaya ya ndugu waliowapokea. Nyingine imekwenda kwa mwalimu mmoja wa Mangochi, aliyeahidi kuifikisha kijijini. Humo nimeiweka ile picha ya watu watatu, nimemwekea alama baba, na nimeuliza kama mmoja wa wawili waliobaki ana sura ya mtu wa pale.

Kwa wenye mzee wa Keya aliye hai, au zaidi mjane wake, ningewashauri wasianze kwa kuuliza alipigana wapi. Waulize alipandia lori mji gani siku ya kwanza. Mkufunzi wa gwaride alikuwa akitoa amri kwa lugha gani. Begani walishona mnyama gani. Nani alilala kitanda cha pili, na alikuwa mtoto wa nani. Kwa maswali kama hayo mtu hupata batalioni, na kwa batalioni hupata shajara.

Kaka naye amesoma rasimu ya makala hii. Katika daftari la ukoo, penye mstari wa utumishi wa baba, nilikuwa nimeandika: KAR ya 36 au ya 22, Brigedi ya 26, Kabaw, 1944. Hakulifuta neno "au". Ameongeza chini yake, kwa mkono wake, jina la yule mwenzake na la baba yake, akaacha nafasi ya kijiji.